Shajara ya mradi: Wikiendi ya Januari Istanbul, kutoka Mwanza

Safari ni ya watu kumi na wawili wa Mwanza. Wengi ni wauza nguo wa Makoroboi na Kirumba, na wamo wazee wawili waliovuka miaka sitini. Tunakwenda kuuona mji wa Istanbul wakati wa baridi, kula vya msimu, na kurudi na sampuli chache za nguo zinazoenea kwenye begi. Mzigo wa duka haumo kwenye mpango huu. Kamati ya maandalizi inaandika shajara hii ili kila mwanakikundi ajue jambo limefikia wapi na kwa nini limeamuliwa hivyo, na kikundi kitakachofuata kisianzie chini.

Agosti, wiki ya pili: tarehe

Tarehe imejadiliwa kuliko jambo lingine lolote, na ilistahili. Desemba iliondolewa mapema kwa sababu mwisho wa mwaka ndipo duka la nguo Mwanza linapouza, hakuna atakayefunga. Februari nayo ikaondoka. Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na wiki zinazoitangulia ni za kuagiza mzigo wa Idi. Mwanzo wa Januari wazazi wanahangaika na ada na kuwarudisha watoto shuleni. Ikabaki wikiendi ya tatu: Ijumaa tarehe 15 hadi Jumapili tarehe 17 Januari.

Kwa nini Ijumaa hadi Jumapili, na si Jumamosi hadi Jumatatu? Hapa ndipo safari nyingi fupi za Istanbul zinapoharibika. Kapalıçarşı, soko kongwe lililoezekwa lote, lenye maduka yapatayo 4,000, halifunguliwi Jumapili. Laleli, Merter na Osmanbey, mitaa ya nguo za jumla, Jumapili karibu yote iko kimya. Anayefika Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi anaweza kurudi Mwanza bila kukanyaga soko hata moja. Kwa hiyo Ijumaa mchana na Jumamosi ni za masoko, Jumapili ni ya bahari.

Majumba ya kifalme yana siku zake pia: Topkapı hufungwa Jumanne, Dolmabahçe Jumatatu. Hayatugusi, ila atakayesogeza safari katikati ya wiki ayazingatie kabla ya kukata tiketi.

Hali: tarehe imepitishwa. Haitajadiliwa tena.

Septemba, wiki ya kwanza: mwanga

Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi mwaka 2016, kwa hiyo saa yao na yetu ni moja mwaka mzima. Kwenye simu hakuna cha kubadili. Jua ndilo lililo tofauti. Katikati ya Januari, Mwanza jua linachomoza kama saa 12:50 asubuhi na kuzama saa 1 na dakika chache usiku. Istanbul siku hiyohiyo linachomoza karibu saa 2:25 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni. Sisi tunakuwa na saa 12 na robo za mwanga, wao saa 9 na nusu.

Jambo hili limepanga ratiba yetu yote. Kuamka saa 11 na kutoka saa 12 asubuhi, kama tunavyokwenda soko la samaki la Mwaloni, kule ni kutembea gizani kwenye baridi ya nyuzi 3 au 4 huku milango imefungwa. Alfajiri yenyewe inaingia karibu saa 12:50, na swala ya Ijumaa ni kama saa 7:20 mchana. Kwa hiyo tumegawa mambo mafungu mawili. Vitu vya nje, yaani feri, viwanja, daraja na picha, vinawekwa kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Vitu vyenye paa, yaani masoko, maduka, chakula na birika la kale la maji lililo chini ya ardhi, vinajaza kingo za siku na vinapokea siku ya mvua. Orodha ya "sehemu za kuona" isiyogawanywa hivyo haifai kwa Januari, hata kama ilifanya kazi vizuri Julai.

Saa za kwenye tiketi zinapotosha watu wazima wenye akili zao. Tiketi inaandika kwa mfumo wa saa 24. Ndege ya 03:00 ya tarehe 15 inaondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo abiria anapaswa kuwa uwanjani Alhamisi usiku. Anayesoma "Ijumaa, saa tatu" atafika asubuhi na kukuta ndege imekwishaondoka kitambo. Kila mwanakikundi ataandikiwa kwa mkono, pembeni ya tiketi yake, siku na saa ya kutoka nyumbani.

Septemba mwishoni: pasipoti na viza

Watu watano hawana pasipoti. Maombi yanajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, ada ni TSh 150,000 inayolipwa kwa namba ya malipo, kisha mwombaji anakwenda mwenyewe ofisini na nyaraka zake na kuchukuliwa alama za vidole. Kinachokwamisha ni majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, cheti cha kuzaliwa vile, akaunti ya benki ina jina la mume. Herufi moja tu inatosha kurudisha ombi. Kamati imewaomba wote walete nakala za nyaraka tatu zikae pamoja mezani, na wawili waliokutwa na tofauti wameanza kushughulikia hati ya kiapo sasa, wakati muda upo. Wenye pasipoti tayari waangalie tarehe ya mwisho: tunataka iwe na uhai wa miezi sita baada ya safari.

Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza ya Uturuki. Nyaraka tunazokusanya ni taarifa ya benki, leseni ya biashara na TIN (kwa mwajiriwa, barua ya mwajiri), nafasi ya hoteli, tiketi ya kwenda na kurudi, bima ya safari na picha. Mambo mawili yanaangusha wafanyabiashara wa kwetu. La kwanza, mauzo yanapita kwenye simu na kuishia humohumo, kwa hiyo benki inaonesha mtu maskini ambaye duka lake limejaa. Tangu Agosti tumeanza kuhamishia benki sehemu ya mauzo ya kila siku, kidogokidogo. Fedha nyingi iliyoingia kwa mkupuo siku moja kabla ya kuomba inatia shaka kuliko salio dogo linalotembea. La pili, tarehe za hoteli zikipishana na za tiketi hata kwa usiku mmoja, ombi linaleta maswali. Mtu mmoja tu, katibu, ndiye anayejaza tarehe kwenye fomu zote.

Oktoba, wiki ya pili: njia ya kwenda na kurudi

Dar hadi Istanbul kwa ndege ya moja kwa moja ni kama saa saba. Ratiba tuliyochagua inatoka Dar usiku wa manane na kufika Istanbul asubuhi. Ya kurudi inaondoka Istanbul jioni na kutua Dar usiku. Hivi tunapata mchana wa Ijumaa, Jumamosi nzima, na Jumapili hadi saa 8 mchana.

Ugumu uko kwenye kipande cha Mwanza na Dar. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Kwa wanaotaka kupunguza gharama kuna basi hadi Dodoma, kulala, kisha treni ya SGR asubuhi hadi Dar. Ni nafuu, lakini inakula siku mbili na haifai kwa wazee. Saba wanaruka, watano wanapita Dodoma na kuondoka Mwanza Jumanne.

Pawe na pumziko Dar pande zote mbili. Tiketi ya ndani ikikatwa peke yake, mbali na ya kimataifa, ndege ya Mwanza ikichelewa ile ya Istanbul haimsubiri mtu na fedha yake imepotea. Wanaoruka wanaondoka Mwanza Alhamisi asubuhi, si jioni. Kurudi, ndege ya Mwanza imekatwa Jumatatu jioni ingawa tunatua Dar usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Wengine waliona ni kupoteza siku. Kamati inasimama na uamuzi wake, na sababu yake, theluji, itaelezwa kwenye maandishi ya Desemba.

Mizigo: tiketi ya kimataifa mara nyingi inaruhusu kilo nyingi kuliko ya ndani. Anayerudi na mabegi mawili yaliyojaa anapita Istanbul vizuri, kisha analipia kilo za ziada Dar kwenda Mwanza. Kipimo chetu ni tiketi ya ndani: begi moja la kilo 23 kwa mtu, na liondoke Mwanza likiwa chini ya kilo 12 ili sampuli zipate nafasi. Atakayependa kununua zaidi aache kwa wakala wa mizigo kulekule Laleli, apewe risiti yenye uzito na bei ya kilo, na ajue kwamba ushuru utamsubiri nyumbani.

Oktoba mwishoni: chumba

Uchaguzi ulikuwa kati ya Laleli na Sirkeci. Laleli ni nafuu na iko katikati ya maduka ya jumla. Sirkeci imeshinda kwa ajili ya miguu ya wazee. Tramu ya T1 inapita mlangoni, gati la Eminönü ni mwendo mfupi wa tambarare, na stesheni ya Marmaray, treni ya chini ya bahari, ipo palepale. Ukifuata T1 kutoka Sirkeci unapata Gülhane, Sultanahmet, Çemberlitaş, Beyazıt, Laleli na Aksaray. Karibu kila tunachokitaka kiko kwenye reli moja. Ramani ya simu haioneshi mwinuko, na Istanbul ni mji wa vilima. Watu wa Mwanza tumezoea kupanda, ila si kwenye mawe yaliyolowa na kuganda.

Maswali tuliyoipelekea hoteli kwa maandishi kabla ya kulipa chochote: Je, joto la chumba linawaka usiku kucha au kwa saa? Kuna lifti, na inaanzia chini kabisa? Chumba kina dirisha la nje? Mabegi yatahifadhiwa Jumapili baada ya kukabidhi chumba? Majengo mengi ya eneo hili ni ya zamani na membamba, na vyumba vya bei ya chini mara nyingi viko chini ya usawa wa barabara, vina unyevunyevu, na nguo iliyolowa haikauki. Hoteli isiyojibu swali la joto tumeiacha.

Uwanja wa ndege uko mbali na mji, na sisi ni watu kumi na wawili wenye mabegi. Tumekubaliana kukodi basi dogo kupitia hoteli, Ijumaa na Jumapili. Akiba yake ni basi za Havaist hadi Aksaray, kisha T1. Metro ya M11 inafika uwanjani tangu 2023 na ni nzuri kwa mtu mmoja mwenye begi la mgongoni, lakini kubadilisha treni na mabegi na wazee ni adhabu.

Novemba, wiki ya kwanza: nguo za baridi

Januari Istanbul mchana ni kama nyuzi 8 au 9, usiku 3 au 4. Ukitazama namba pekee unaweza kudhani sweta moja linatosha. Kinachoumiza ni unyevu na upepo wa Bosphorus, mlango-bahari unaoukata mji: nyuzi 6 zenye mvua na upepo zinapenya kuliko nyuzi sifuri kavu. Adui ni maji na upepo.

Kila mtu atavaa tabaka tatu. Ya ndani iwe ya kubana na isiwe pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho au mvua inabaki imelowa na kuupooza mwili. Ya kati ni sweta la sufu au la manyoya bandia. Ya juu ni koti lenye kofia, lisilopitisha maji wala upepo, refu hadi chini ya makalio. Koti moja zito mno ni kosa, kwa kuwa tramu, maduka na migahawa vina joto. Mtu anatoka jasho ndani, akitoka nje jasho linamgeukia. Tabaka zinavuliwa moja moja.

Yote haya yanapatikana soko la Mlango Mmoja, na mitumba yake ya baridi mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ileile. Namna ya kukagua koti: pandisha na kushusha zipu mara kadhaa, hasa pale chini inapoanzia. Geuza ndani utazame mishono. Kama kuna utepe uliogandishwa juu ya mshono na haujabanduka, koti hilo linazuia mvua. Mwagia matone ya maji begani usubiri. Yakitulia kama shanga ni sawa, yakinywewa liache. Koti la manyoya ya bata libane kiganjani kisha uachie: likijaa tena haraka lina uhai, likibaki limeshikana manyoya yameoza kwa kufuliwa vibaya. Na manyoya ya bata yakilowa hayana joto tena, kwa hiyo juu yake lazima liwepo la mvua.

Viatu ndivyo vimekataliwa zaidi kwenye ukaguzi wetu. Soli ya ngozi na raba zilizosagika hazipandi ndege. Tunataka soli ya mpira laini yenye meno, kiatu kinachofunika kifundo, na namba moja zaidi ya kawaida ili soksi ya sufu iingie. Kiatu kinachobana kinazuia damu na vidole vinakufa ganzi hata soksi ikiwa nzuri. Kiwe chepesi kuvua, kwa sababu misikitini kitavuliwa mara nyingi. Mama zetu wanaopenda gauni na kitenge wavae taiti nene ndani, mbili ikibidi, na upindo usiburute kwenye maji ya barabarani. Kanga moja iwekwe begini: inafaa kichwani msikitini, shingoni kwenye feri, na begani hotelini. Mzula, glavu, skafu. Mafuta mazito ya midomo na mikono, maana joto la vyumbani linakausha ngozi hadi inapasuka.

Umeme ni wa volti zilezile, lakini plagi zao ni za pini mbili za mviringo. Chaja zetu za pini tatu haziingii bila adapta. Adapta nne na kebo ya kugawia umeme zinatosha kikundi. Betri ya simu inashuka haraka kwenye baridi, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Hali: makoti tisa yamepita. Viatu vitano vimerudishwa.

Novemba mwishoni: ratiba ya siku tatu

*Ijumaa.* Tunatua asubuhi, tunaacha mabegi, tunakula supu ya dengu na mkate. Hii ndiyo chakula cha kwanza kwa makusudi: ipo kila mgahawa, ni ya moto, inakamuliwa limau, na tumbo lililochoka na safari linaipokea. Wanaoswali wanakwenda Ijumaa. Kuanzia saa 8:30 mchana ni Laleli hadi maduka yafunge. Pale nguo zinauzwa kwa seri, yaani saizi zote za mtindo mmoja pamoja. Anayeomba kipande kimoja anaweza kukataliwa au kutajiwa bei nyingine kabisa. Wanaotaka sampuli waungane wawili au watatu wagawane seri. Andika bei papo hapo, na piga picha ya kadi ya duka pamoja na nguo yenyewe katika picha moja, la sivyo jioni kadi zote zinafanana.

*Jumamosi.* Tunatoka saa 3 asubuhi kwa T1 hadi Sultanahmet. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, na msikiti tena 2020. Tangu Januari 2024 mtalii analipa euro 25 na kupitishwa ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali anaingia bure kwa mlango mwingine. Kila mmoja aseme mapema yuko upande upi ili mhazini ajue. Msikiti wa Sultan Ahmed ulio mkabala nao ni bure, lakini wageni wasioswali hawaingii nyakati za swala, kwa hiyo unatangulia. Birika la chini ya ardhi, Yerebatan, lenye nguzo 336, liko hatua chache na ndiyo hifadhi yetu mvua ikianza.

Saa 7 tunapanda T1 vituo viwili hadi Beyazıt. Kapalıçarşı inakunywa masaa. Tumeweka sehemu ya kukutania nje ya lango la Beyazıt, saa 10:30 kamili, kwa sababu ndani mitaa inafanana na ramani ya simu inapotea chini ya paa. Bei ya kwanza si bei. Muuzaji akileta chai, kunywa. Chai haikufungi kununua.

Jioni ni mtaa wa Vefa, kutembea kidogo kutoka Beyazıt, kwenye duka la boza lililokuwepo tangu 1876. Boza ni kinywaji kizito cha nafaka, kimechachuka kidogo, kinanyunyiziwa mdalasini na kuliwa na dengu za kukaanga. Aliyekulia kwenye togwa atakipenda. Ni kinywaji cha baridi na hiki ndicho kipindi chake, kwa hiyo hatukubali kikatwe kwenye ratiba hata tukichoka.

*Jumapili.* Feri ya saa 3:30 kutoka Eminönü hadi Kadıköy, ng'ambo ya bahari. Kaa ndani upande wa kulia wakati wa kwenda, toka nje dakika tano kwa picha, rudi ndani. Soko la samaki la Kadıköy Januari lina hamsi, samaki wadogo wa Bahari Nyeusi ambao msimu wao ni huu wa baridi. Wanapakwa unga wa mahindi na kukaangwa kwenye kikaango bapa, wanapangwa kwa duara na kugeuzwa wote kwa pamoja. Kwa watu waliolelewa na dagaa, kuwaona wanavyouzwa na kupikwa ni somo lenye thamani kuliko jumba lolote, na kamati imelitengea dakika 90 kamili. Tunarudi Eminönü saa 6, tunapita Mısır Çarşısı, soko la viungo, ambalo Jumapili liko wazi. Saa 8 kamili basi linaondoka hotelini.

Kadi ya usafiri, Istanbulkart, inanunuliwa kwenye mashine za vituoni. Mashine hairudishi chenji, kwa hiyo noti ndogondogo zinahitajika. Kadi moja inaweza kugongwa kwa zaidi ya mtu mmoja: gonga, mmoja apite, gonga tena. Kwa kikundi tunanunua kadi nne, kila moja ikiwa na watu watatu wasioachana.

Desemba, wiki ya kwanza: kinachoweza kuzuia

Pepo mbili zinatawala mji huu. Lodos inatoka kusini-magharibi, ina uvuguvugu, inachafua Bahari ya Marmara, na ikizidi feri zinasimamishwa. Poyraz inatoka kaskazini-mashariki na ndiyo inayoleta baridi kali na theluji. Theluji yenyewe hutokana na bahari: hewa baridi ikipita juu ya Bahari Nyeusi, ambayo maji yake yana joto kuiliko, inabeba unyevu na kuumwaga ikifika nchi kavu. Sisi tunaoziona ngurumo za usiku zikizaliwa juu ya Ziwa Victoria hatutashangaa kuona mtaa mmoja unanyeshewa na mwingine mkavu.

Lodos ikisimamisha feri, tunashuka Marmaray pale Sirkeci. Treni hii inapita chini ya bahari tangu 2013, na kituo cha kwanza baada ya Sirkeci ni Üsküdar, ng'ambo, dakika kama nne, bila kujali upepo. Kituo kinachofuata ni Ayrılık Çeşmesi, jirani na Kadıköy. Hamsi inabaki kwenye ratiba, mandhari ndiyo inapotea.

Mvua ya Jumamosi asubuhi: tunabadilisha, Kapalıçarşı inatangulia na Sultanahmet inakuja saa 7 hadi saa 10. Anayetakiwa kuamua ni mtu mmoja, saa 2 asubuhi, baada ya kutazama utabiri. Watu kumi na wawili wakijadili mvua kwenye sebule ya hoteli, mwanga unaisha.

Theluji nzito ndiyo inayogusa ndege. Tarehe 24 Januari 2022 ilifunga uwanja wa Istanbul na paa la ghala moja la mizigo likaanguka. Si jambo la kila mwaka, lakini hata theluji ya kawaida inachelewesha ndege kwa masaa, na ndiyo maana tiketi ya Dar kwenda Mwanza ni ya Jumatatu jioni. Kila mtu abebe kwenye begi la mkononi dawa za siku tano, nguo ya ndani ya kubadili, na chaja. Wazee wetu wenye presha wana cheti cha daktari kinachotaja dawa kwa jina lake la kitaalamu. Namba ya dharura Uturuki ni 112.

Desemba, wiki ya tatu: fedha

Bei kwa lira zinapanda mara kwa mara, hivyo bajeti yetu yote iko kwa dola, na tumekataa kunakili bei za miaka iliyopita. Dola ziwe safi, hazijachanika wala kuandikwa. Uwanjani tunabadilisha kiasi kidogo tu cha siku ya kwanza. Maduka ya kubadilishia fedha karibu na Kapalıçarşı kwa kawaida yana bei nzuri zaidi. Mashine ya kadi ikiuliza ulipe kwa lira au kwa fedha nyingine, chagua lira, kwa sababu ule ubadilishaji wa mashine ni wa gharama. Kila mtu aijulishe benki yake kabla ya kuondoka, la sivyo kadi inaweza kufungwa kwenye malipo ya kwanza. Anayebeba dola 10,000 au zaidi anatakiwa kutamka forodhani.

Mng'arisha viatu akiangusha brashi mbele yako, mwonyeshe au mwite, lakini usikubali kukaa akusafishie kwa "shukrani". Malipo yanafuata.

Januari, wiki ya kwanza: yaliyobaki

Viza kumi na moja zimetoka. Moja inasubiriwa na tiketi yake inaweza kubadilishwa tarehe. Ramani za Istanbul zimepakuliwa kwenye simu zote. Basi dogo limethibitishwa kwa maandishi, likiwa na idadi ya mabegi. Bado: viatu viwili vya kubadilisha Mlango Mmoja kabla ya Jumamosi, adapta moja, na nakala za bima kwa wazee. Utabiri wa upepo unaanza kutazamwa kila jioni kuanzia Jumatatu tarehe 11. Ukionesha lodos ya Jumapili, Kadıköy inahamishiwa Jumamosi asubuhi, Sultanahmet inakuja Jumapili saa 3 hadi saa 7 na soko la viungo linabanwa saa 7 hadi saa 8. Kapalıçarşı haiondoki Jumamosi kwa sababu yoyote.